Mkwanguaji wa Mfereji wa Ujabali

Jinsi Bi Sihaba alivyofika Ujabali haina haja ya kusimuliwa. Alikwenda kama watu wanavyokwenda, akachoka kama wanavyochoka, akafika. Alikuwa mpimaji wa maji kwa miaka ishirini na sita, na habari za maji ya Ujabali alizisikia akiwa mbali: yanatoka katika mlima wenye sumu, lakini watu wanayanywa na kuzeeka nayo. Alitaka kujua sababu. Watu wa kazi yake ndivyo walivyo. Wakiona jambo linakwenda sawa hawatulii mpaka wajue kwa nini, na wakishajua, mara nyingi haliendi sawa tena.

Langoni alimkuta karani ameketi na chekeche mapajani. Ujabali ina sheria moja iliyozaa nyingine zote, nayo inaitwa Sheria ya Punje: kitu chochote kilicho kidogo kuliko punje ya mtama hakipo. Si kwamba hakina thamani, hapana, hakipo. Karani aliimwaga chumvi ya Bi Sihaba kwenye chekeche, ikapita yote, akaandika kwamba mgeni hana chumvi. Kisha akaikusanya vizuri, akamrudishia.

"Mbona unanirudishia kitu ambacho sina?" aliuliza Bi Sihaba.

"Nimekurudishia nini, mama?"

"Chumvi yangu."

"Mama umetoka safari," karani alimjibu kwa upole. "Ukipumzika utakuwa sawa."

Siku za mwanzo Bi Sihaba aliandika tu na kunyamaza. Aliandika kwamba Ujabali hakuna anayefagia, kwa sababu vumbi halipo. Watu hukohoa kwa adabu, na adabu ni kutouliza unakohoa nini. Aliandika kwamba unga haupo mpaka usongwe uwe ugali, kwa hiyo mwenye kinu cha kusagia kisheria ni mtu anayeharibu mahindi ya wenzake, ingawa hao wenzake wanajipanga foleni mlangoni kwake. Watu wenyewe wamepangwa kwa ukubwa. Wa juu wanaitwa Miamba, wa kati Kokoto, na waliobaki wote ni Changarawe. Umwamba hupatikana kwenye mizani mara moja kwa mwaka, ndiyo maana mwezi wa kupimana unapokaribia nyama haionekani sokoni.

Katikati ya mji limesimama Jabali la Milia, mwamba mkubwa wa mistari myekundu na ya kijivu iliyopangana kama mikeka. Kila Mjabali anajua, maana limo katika vitabu vya shule, kwamba Jabali ndilo linalosafisha maji. Maji yakitoka mlimani yanaliona kwa mbali, yanaogopa, yanaacha ubaya wake. Bi Sihaba aliuliza maji yanaonaje. Mwalimu aliyeulizwa alisema hilo ni swali la darasa la juu, na darasa la juu bado halijajengwa.

Na adhabu kubwa ya nchi hiyo si jela wala kamba. Ni kupunguzwa. Jina la mkosaji huandikwa kwenye karatasi, karatasi ikachomwa, majivu yakapitishwa kwenye chekeche mbele ya watu. Yakishapita, mtu huyo ni mdogo kuliko punje. Hapigwi wala hafukuzwi. Hasalimiwi, hauziwi, haitikiwi, na anayeonekana kumwona anapunguzwa pia.

Wiki ya pili Bi Sihaba alikwenda kuuona mfereji. Unashuka kutoka mlimani hatua mia tatu mpaka kwenye birika la mji. Maji yalipochomoza yalikuwa angavu, mtu angeyapenda kwa macho, ila ulimini yalikuwa na ladha ya kunyonya msumari, na vyombo vyake vikamwonyesha sumu ya kutosha kuangusha zizi zima. Alishuka kwa njia ya mjini mpaka birikani, akapima tena. Hakuna kitu. Alipima mara nne, maana mara tatu ni za kuwaridhisha wengine na ya nne ni yake mwenyewe.

Akarudi juu, na kwenye mdomo wa mfereji alimkuta mwanamke wa miaka arobaini hivi amepiga magoti na kipande cha bati, anakwangua mawe. Aliitwa Mwasiti, naye ndiye Mkwanguaji. Kazi hiyo hurithiwa, pamoja na nyumba na shamba lake. Sheria yake haina utata: utelezi ukijikusanya unazidi punje, kwa hiyo upo, na kwa kuwa upo bila kibali ni uchafu, basi Mkwanguaji auondoe wote, kila siku, mfereji mzima. Mawe ya hapo mbele yaling'aa kama sahani za harusi.

Bi Sihaba alifuata maji kuelekea kwenye kona. Mwasiti akainuka mbio.

"Dada, huko hakuna kitu."

"Si nione tu."

"Huko hakuna kitu, dada, nakuomba."

Lakini alikuwa ameshaona. Baada ya kona mawe hayakuonekana kabisa. Yalifunikwa na utelezi mzito kama uji wa ulezi, rangi ya kutu, ukicheza taratibu na maji, hatua mia mbili na tisini mpaka chini. Bi Sihaba alichukua tone, akafungua hadubini yake, akainama. Alipoinuka alikuwa na uso wa mtu aliyekuta ndugu zake ugenini.

Mwasiti alikuwa ameketi chini, mikono kichwani. "Utasema?"

"Sisemi," alisema Bi Sihaba. "Lakini nieleze. Huwa unakwangua hatua ngapi?"

"Kumi. Mama yangu alikwangua kumi, bibi yangu kumi. Mkaguzi anakuja mpaka kwenye kona, akiona utelezi unaanza anaogopa kuanguka mbele za watu, anageuka. Mtu mzito akianguka, dada, ni habari ya mwaka mzima."

"Uvivu wa vizazi vitatu."

"Ndivyo tunavyoitwa, na tumekubali." Mwasiti aliangalia maji. "Bibi alimwambia mama kwamba mwaka mmoja waliukwangua wote. Maji yakawa mazuri mno kwa macho. Watu walizikana mpaka wachimbaji wakachoka. Ulipoota tena, vifo vikaisha. Bibi hakwenda shule, hakujua kuna nini humu ndani. Alijua tu kwamba usipouona unakunywa sumu. Tangu hapo tunakwangua za kuonekana, zilizobaki tunazilinda."

Bi Sihaba alimweleza alichokiona kwenye kioo, na ni haki yako nawe uelezwe. Ndani ya utelezi ule mnaishi vijiumbe visivyohesabika, na riziki yao ni chuma kilichoyeyuka majini. Wanakila kama sisi tunavyokula ugali, na wanachokitoa ni kutu. Kutu ile mpya inanata. Sumu ikipita inashikwa, inabaki kwenye mawe, maji yanashuka bila hiyo. Hewa peke yake ingeweza kukitia chuma kutu, lakini polepole, na maji yangeshafika mitungini kabla haijaanza. "Si hapa tu," alisema Bi Sihaba. "Udongo unaolima, chuma cha jembe lako, hata hewa hii tunayovuta, wadogo hawa wana mkono humo tangu dunia haijajua mtu."

"Kwa hiyo bibi hakuwa mvivu," alisema Mwasiti.

"Bibi yako alikuwa mtaalamu."

Mwasiti alicheka mpaka machozi yakamtoka. Wakaagana vizuri, na ahadi ikarudiwa mara mbili.

Sasa, ahadi ya mtaalamu ni kitu kizuri mpaka apewe jukwaa. Siku tatu baadaye Baraza la Miamba lilimwandalia mgeni chakula cha heshima. Palikuwa na pilau ya mbuzi, maneno matamu, na viti vilivyotengenezwa mahususi kwa Miamba, vipana kama vitanda. Pembeni ya Bi Sihaba aliketi Mkaguzi mpya wa Mfereji, Mheshimiwa Kirobo, Kokoto mwembamba mwenye bidii, wa kwanza katika historia ya ofisi hiyo kununua mabuti ya mpira. Mwamba Mwandamizi alijifuta mikono akauliza, "Mtaalamu, umepima maji ya kwetu. Tuambie ukuu wa Jabali umeuonaje?"

Angeweza kusema ameuona, akaendelea kula. Lakini miaka ishirini na sita alikuwa akiandika taarifa zisizosomwa na mtu, na leo watu sabini wamenyamaza wakimsikiliza. Akasema Jabali halifanyi lolote, limesimama tu. Akataja utelezi, vijiumbe, kutu, sumu inavyonaswa. Akasema, na sauti yake mwenyewe ikamfurahisha, kwamba nchi nzima inaishi kwa zile hatua mia mbili na tisini zisizokwanguliwa.

Kirobo aliweka kijiko chini. "Zisizokwanguliwa?" aliuliza.

Hapo ndipo Bi Sihaba alipomkumbuka Mwasiti. Siri ya mtu ameigawa mezani kama kachumbari.

Baraza lilikaa kesho yake asubuhi. Bi Sihaba alibeba hadubini na matumaini, akidhani ukweli ukionekana utamwokoa Mwasiti, aliyemfichua. Mwamba Mwandamizi alisogezwa na watu wawili mpaka kwenye kioo, akatazama kwa muda mrefu.

"Naona ukope wangu," alitangaza.

Baraza likakubali kwamba ukope upo, kwa kuwa una urefu, ukaandikwa kwenye kumbukumbu. Mwanasheria wa Baraza akatoa hoja iliyosifiwa siku nyingi. Kioo hiki, alisema, kinakuza. Kukuza ni kutia chumvi. Ushahidi uliotiwa chumvi haupokelewi mahali popote penye ustaarabu, na chumvi yenyewe haipo. Bi Sihaba alijibu kwamba hata wasipokiamini kioo, waitazame milia ya Jabali lao. Mistari ile myekundu ni chuma kilichotiwa kutu na kutulia chini ya maji ya kale, tabaka juu ya tabaka, na wadogo walikuwa na mkono katika kazi hiyo.

Ukumbi ulinyamaza. Mwamba mmoja aliyekuwa amelala aliamka kwa sababu ya ukimya.

"Mgeni anataka kusema," aliuliza Kirobo taratibu, "kwamba Jabali la Milia ni kinyesi?"

"Ni makazi, ni mabaki, ni kazi ya..."

"Cha visivyokuwepo?"

Bi Sihaba, kwa kuwa ni mgeni, alisamehewa kama mtoto anavyosamehewa. Mwasiti aliletwa, akaulizwa anasemaje.

"Nimekwangua hatua kumi, waheshimiwa," alisema. "Hizo nyingine niliwalindia. Mkitaka kunipunguza nipunguzeni, lakini utelezi msiuguse."

Majivu ya jina lake yalipita kwenye chekeche bila kubaki hata chembe. Mama yake, Bi Hidaya, Mkwanguaji wa kabla yake, alikuwa amesimama mstari wa mbele. Mwasiti alipita karibu naye, bega kwa bega, na yule mzee akageuza uso ukutani kama sheria inavyotaka. Bi Sihaba alilia pale pale hadharani. Hakuna aliyemuuliza analia nini.

Kirobo aliingiza mferejini Changarawe mia mbili, kila mmoja na bati lake, na kwa siku mbili mawe yote yakang'aa mpaka birikani. Na lazima isemwe kweli: maji yalipendeza. Yalishuka angavu, yakionyesha kila kokoto chini. Watu walipanga mstari kuyatazama. Kirobo alikunywa kikombe cha kwanza mbele ya umati, akawapelekea watu wa nyumbani kwake mtungi mzima.

Siku ya nne watu walianza kutapika. Wiki ya tatu walikuwa wameshazikwa saba, watano wao watoto. Baraza lilitoa tamko kwamba maji hayana kitu, na mwenye macho aende akaangalie. Bi Sihaba alipita mlango kwa mlango akiwaambia watu wakinge maji ya mvua. Waliosikia walipona, ila mvua yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Baraza likatoa tamko la pili, kwamba kama kuna tatizo basi limetokana na uvivu wa vizazi vitatu, na dawa yake ni kukwangua zaidi.

Bi Sihaba alikuwa amehamia kwa Bi Hidaya. Alikwenda kuomba radhi, yule mzee akamwonyesha pa kulala bila kumjibu. Kila jioni Bi Hidaya alipakua sahani tatu. "Uzee huu," aliuambia ukuta, "nimezidisha chakula tena." Sahani ya tatu aliiweka karibu na mlango, akaipa mgongo. Mwasiti aliingia, akala, akaiosha. Mama na mtoto hawakutazamana, na chakula hakikuwahi kuwa kidogo.

Bi Sihaba hakuweza kuvumilia zaidi ya siku mbili. "Mwasiti, dada, nisamehe. Kesho narudi Barazani, nitawaambia..."

"Mdomo wako umeshafanya kazi ya kutosha," alisema Mwasiti. Hakusema kwa hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nina swali la kazi yako. Pangoni juu kuna kidimbwi ambacho wakwanguaji wa Kirobo hawakukiona. Utelezi wa zamani umo. Nikiupanda kwenye mawe, utashika?"

Bi Sihaba alifikiri kama anavyopaswa kufikiri mtu aliyesomeshwa. "Utashika. Uanze baada ya kona, uupake kwenye mawe yenye vinundu, si laini. Mwezi mmoja na nusu maji yatakuwa yamebadilika."

"Lakini Kirobo ameweka walinzi mfereji mzima," aliongeza Bi Sihaba.

Mwasiti alitabasamu, mara ya kwanza tangu siku ile ya mferejini. "Wanamlinda nani asipite?"

Asubuhi iliyofuata, jua limeshachomoza, Mwasiti alishuka mlimani na ndoo ya utelezi kichwani. Alipita katikati ya walinzi wawili. Mmoja alianza kuinua mkuki, mwenzake akamkanyaga mguu, maana kumzuia mtu ni kukiri kwamba yupo. Akaingia mferejini, akapiga magoti, akaanza kupaka jiwe moja moja kwa kiganja kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Kesho yake ndoo mbili, keshokutwa tatu. Wakwanguaji wa Kirobo walipita pembeni na mabati yao, maana kukwangua alichokipaka ni kukiri kwamba kuna aliyepaka. Katika nchi yote hapakuwa na mtu huru kama yeye.

Siku ya kumi Kirobo alikuja kukagua, na mabuti yake. Alifika kwenye kona, akaendelea, akamkuta Mwasiti ameinama, ndoo pembeni, na jiwe lililo mbele yao limeshaanza kuwa na rangi ya kutu. Bi Sihaba alikuwa kwenye ukingo. Ilijulikana mjini kwamba binti yake Kirobo yuko kitandani wiki ya pili, hali wala hasemi.

Kirobo alisimama. Aliitazama ndoo. Mwasiti hakuinua kichwa wala hakuacha kupaka. Kisha Mheshimiwa alikohoa, kwa adabu, akasema akiielekea hewa, "Kona hii inateleza sana. Kuanzia leo ukaguzi utaishia hapa." Akageuka. Njiani aliteleza akaanguka matakoni, akainuka, akaenda zake, na hakuna aliyecheka.

Ulipofika mwezi na nusu, Bi Sihaba alipima maji ya birikani mara nne. Sumu ilikuwa imepungua mpaka isihesabike. Wagonjwa walianza kukaa vitandani, kisha mlangoni, kisha kugombana, ndipo ikajulikana wamepona. Binti yake Kirobo aliomba uji. Baraza lilitangaza ushindi wa ukwanguaji. Kirobo alipewa Umwamba bila kupanda mizani, na jina lake likachongwa kwenye Jabali la Milia kuwa ndiye aliyeupa mfereji usafi. Alipotakiwa aseme neno siku hiyo, alisema anaumwa koo.

Bi Sihaba aliondoka baada ya sherehe hizo. Hakuandika taarifa yoyote. Bi Hidaya alimpa mkono, akauambia ukuta kwamba anayekwenda safari njema huondoka na mtu wa kumsindikiza. Mwasiti alimbebea mzigo mpaka langoni, ndoo yake mkono mwingine. Wakiwa njiani Bi Sihaba aliahidi atapeleka habari mbali, watu wa maana wajue, jina lake lirudishwe. Mwasiti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Likirudi, nani atafanya kazi?" aliuliza.

Karani alikuwa palepale na chekeche lake. Alipekua mzigo, akaandika kwamba mgeni anatoka bila chumvi kama alivyoingia. "Umesindikizwa na watu wangapi?" aliuliza.

"Mmoja," alisema Bi Sihaba.

Karani aliinua macho, akayapitisha juu ya bega la Mwasiti, akatazama barabara tupu. Akaandika sifuri.

Jua lilikuwa kali. Karani alijipepea kwa daftari, akanyoosha mkono pembeni bila kutazama, kama mtu aliyezoea. Mwasiti alichota maji kwenye mtungi wa langoni, akamtilia kikombe mkononi. Karani alikunywa yote bila kupumzika, akajilamba midomo.

"Maji yetu matamu, mama, au siyo?" alimwambia Bi Sihaba. "Hiyo ni kazi ya Jabali."

Akakirudisha kikombe pembeni, hewani. Mwasiti alikipokea, akakisuuza, akakifudikiza juu ya mtungi, akaokota ndoo yake na kushika njia ya mferejini.